Mahali Ufagio Unapoinuka

Mjomba wangu amefagia makaburi ya zamani kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja wa wenyeji wake aliyewahi kumlalamikia. Ndiyo raha ya kazi yako, huwa namwambia. Yeye hujibu kwamba raha ya kazi yangu tutaijua nikimaliza chuo.

Asubuhi baada ya dhoruba tuliingia pamoja, ukungu haujaondoka. Mivinje mitano mikubwa ilikuwa imelala chali, mizizi juu, kama wazee waliovuliwa viatu. Mawe ya makaburi yalikuwa yameegemeana, mengine yamepasuka, jina huku, tarehe kule. Harufu ya utomvu ilikuwa nzito, na kila hatua ilizama bila sauti. Nilijiona natembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

"Usikanyage ovyo," mjomba alisema. "Watu wamelala."

"Kwa kelele zile za jana? Kalala nani?"

Langoni alisimama bibi mmoja fundi cherehani, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Mwanawe wa kwanza alizikwa humo, mtoto wa siku tisa, bila jiwe. Saa nne trekta la manispaa lingekuja kuburuta magogo, na pasipo na alama lingepita juu.

"Kaka, mwanangu yuko wapi?"

"Hatua saba kutoka kwenye mvinje, dada."

"Mvinje upi?"

Mjomba aliyatazama mashimo ya mizizi. Yalikuwa yamejaa maji, yakaungana, yakawa dimbwi moja.

Bibi akaketi juu ya gogo. "Mimi hata kifungo sijawahi kupoteza," alisema taratibu.

Mjomba akaenda bandani, akarudi na ufagio.

"Matope yote haya, mjomba, unafagia nini?"

"Funga bakuli lako, unitolee matawi njiani."

Akafumba macho. Akaanzia langoni kama kila asubuhi, chwa, chwa, akikata kona kwenye njia ambayo haikuonekana tena. Penye gogo nilimshika mkono, akavuka kama anayetembea usingizini. Bibi alifuata nyuma, akishikilia ncha mbili za futi yake.

Kisha ufagio ukainuka. Ukaruka kipande kifupi cha ardhi, hakizidi mto wa kulalia, ukashuka upande wa pili.

Mjomba akafumbua macho, akatazama mkono wake. "Huyu huwa simfagii," akasema. "Mdogo. Vumbi litamwingia machoni."

Bibi akapiga magoti, akatandaza futi juu ya matope, akapima mara mbili. Tukapanga matofali ya ukuta wa makaburi ulioangushwa na dhoruba, kuzunguka pande zote nne.

Saa nne trekta likaingia likinguruma. Dereva akachungulia. "Hivyo vitofali vya nini?"

"Zunguka, kaka," nikamwambia. "Kuna mtu kalala."

Akazunguka.