Fyuzi Mfukoni mwa Masikio

Sifa ya fundi yule ilikuwa kusikia. Gari likiingia gereji yake hakukimbilia spana. Aliinamisha kichwa, akasikiliza injini, kisha akataja ugonjwa. Watu wakambandika jina la Masikio, naye akatembea nalo kifua mbele. Wasilolijua ni kwamba masikio yenyewe yalikuwa yameshamgeuka, hayasikii tena vizuri. Aliyekuwa akisikiliza ni binti yake, kitindamimba, aliyejifunzia kazi humohumo. Msichana alipita kando ya gari kama anayetafuta kitambaa, akagusa kwa kidole penye ubaya, na baba mtu akatangaza.

Sasa binti amepata kazi kwenye karakana ya mabasi, mji wa mbali. Alitakiwa kuripoti kabla ya saa sita mchana. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine. Mjomba wake, yaani shemeji yake Masikio, akaja asubuhi na gari lake ili ampeleke. Na hapo, jamani, mtu mzima akafanya jambo la aibu. Wenzake wakiwa ndani wanakunywa chai, alifungua kisanduku cha fyuzi cha gari lile, akachomoa ya pampu ya mafuta, akaitia mfuko wa shati.

Mjomba alipowasha, stata ilizungusha injini vizuri tu, lakini kuwaka, wapi! Akarudia na kurudia. Masikio akafungua boneti na kujitia kuchunguza. Betri ni nzima, akasema, maana injini inazunguka. Akachomoa plagi, akaijaribu, akasema na cheche ipo. Yote yalikuwa kweli. Lililobaki ni mafuta, na hilo akalimeza.

Shemeji akamtania kwamba kumbe dada yake aliolewa na fundi wa baiskeli. Kisha, na ule mgongo wake mbovu, akainama kulisukuma gari, shati jeupe likimganda kwa jasho. Masikio alijua fika kwamba hata wakilisukuma mpaka kesho haliwaki, na bado akamwacha asukume. Nafsi ikamsuta, akaona anazidi kuwa mtu wa hovyo. Mara mbili alipeleka mkono mfukoni, na mara zote mbili aliutoa mtupu.

Binti alikuwa ameketi kwenye ngazi na begi lake. Hakulalamika wala hakumharakisha mtu. Mjomba alipoingia ndani kunawa, aliinuka, akaketi nyuma ya usukani, akafungua ufunguo nusu bila kuwasha. Akainamisha kichwa vilevile alivyofundishwa. Kisha akashuka, akasimama uso kwa uso na baba yake ili asikike.

“Baba, pampu hailii.”

Masikio akaganda. Mvumo ule mdogo wa kwenye tanki, ufunguo ukifunguliwa, ni yeye aliyemfundisha kuusikiliza. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hausikii siku nyingi, hata akasahau kwamba wengine wanausikia.

“Nimejua tangu mjomba alipowasha mara ya kwanza,” binti akasema. “Nilikuwa nangoja uirudishe mwenyewe.”

Masikio akaitoa fyuzi mfukoni. “Nisamehe, mama. Ukiondoka, magari ya watu nitayasikiliza kwa masikio ya nani?”

Binti aliichukua fyuzi, akaichomeka mahali pake, akawasha. Injini ikaitika papo hapo. Mjomba akatoka mbio, mikono bado ina sabuni, akauliza ilikuwa nini.

“Pampu,” binti akasema. “Baba ameisikia.”

Mjomba akacheka kwa furaha, akampiga shemeji yake begani, akaapa kwamba fundi kama huyu hayupo tena, na kwamba maneno ya baiskeli ameyafuta. Sifa kama hizo Masikio alikuwa amezipokea miaka nenda miaka rudi bila kuona haya. Sasa alishindwa hata kuinua uso. Gari likaondoka, binti akipunga mkono dirishani, naye akabaki amesimama na mikono yake ya grisi, akitamani angalau mmoja wao angemtukana.