Tembo Aliyelimiwa Mahindi

Nilianza kuandika kitabu cha tembo kwa sababu nilikuwa nimechoka na bata. Katika Darasa la Pili ninalofundisha huku Nyambureti, kitabu cha picha ambacho hakijapoteza kurasa kilikuwa kimoja tu, nacho kilihusu bata anayeogelea. Nilikuwa nimekisoma kwa sauti mara nyingi mno. Watoto walinimalizia sentensi huku wakiangalia dirishani. Hawakuwa wanasoma, walikuwa wanakariri. Wengi wao nyumbani wanaongea Kikurya au Kiikoma, na Kiswahili wanakutana nacho shuleni, kwa hiyo bata yule ndiye aliyekuwa Kiswahili chao. Ukimwuliza mtoto jana ulifanya nini, anakujibu, "Niliogelea bwawani." Na bwawa hatuna.

Mwaka ule nilikuwa na uchovu ambao haukuisha hata likizo. Watoto walikaa wanne kwenye dawati la watu wawili, na mwenzangu wa Darasa la Kwanza alikuwa amejifungua, kwa hiyo madarasa yote mawili yalikuwa yangu. Jioni nilikaa kitandani bila kuvua viatu. Siku moja nikiwa nimekaa hivyo, nilichukua kalenda ya zamani, nikaigeuza upande mweupe, nikaandika: *Mimi ni tembo. Naishi ng'ambo ya mto. Watu wa upande huu ni wakarimu sana. Kila mwaka wananilimia mahindi.*

Nilicheka peke yangu. Nikaendelea. Tembo wangu alikuwa na adabu lakini haelewi kitu. Akifika shambani watu wanapiga madebe, naye anasema: *Wananipigia ngoma. Wengine wanakimbia kwenda kuwaita wenzao, maana mgeni kama mimi hapokelewi na mtu mmoja.* Akishiba anaaga na kuahidi kuja na ndugu zake.

Sijui kuchora. Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Mugumu kumtafuta fundi mmoja anayechora kuta za maduka. Alikuwa mtu wa Shinyanga. Alikuja Tarime kuchimba dhahabu, mashimo yakampa kikohozi na hakuna kingine, akashuka huku na brashi zake, akapanga chumba mtaa wa Morotonga. Kuku wengi waliochorwa kwenye mabucha na vibanda vya chipsi vya hapo ni kazi yake.

Alisoma maneno yangu akiwa amesimama, midomo ikicheza.

"Mwalimu, huyu tembo ni mjinga au anajifanya?"

"Wewe unaonaje, fundi?"

"Mimi naona anajifanya," alisema. "Nitamchorea macho ya mtu anayejifanya."

Akamchora hivyo. Tembo alikuwa ameinua mkonga kama mtu anayesalimia msibani, na macho yake yalikuwa yanakwepa kidogo. Nilizishona zile karatasi kwa sindano ya magunia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilitamani Jumatatu ifike.

Ilipofika, niliwasomea. Ukurasa wa kwanza walinyamaza, maana hawajazoea mnyama kusema "mimi". Wa pili mmoja akacheka, wa tatu wakacheka wote. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Nilipofika kwenye madebe, nilimwona msichana mmoja wa dawati la mbele ambaye hacheki. Alikuwa mtoto mdogo wa umbo, analelewa na bibi yake, na muhula ule alikuwa anasinzia sana darasani. Nilikuwa nimemkemea zaidi ya mara moja.

"Wewe hujafurahi?" nilimwuliza.

Akasimama kama tunavyowafundisha. "Mwalimu, yale madebe alikuwa anapiga bibi."

Kijana wa nyuma akasema, "Kwao mahindi yameisha yote, Mwalimu. Tembo walikuja wakati bado mabichi." Akasema kama anavyosema mtu kuwa mvua imenyesha.

Nilifunga kitabu. Nilijua tembo wanaingia mashambani, nani huku hajui? Lakini mimi ni mtu wa kupangishwa nyumba ya mwalimu, na shamba langu ni bustani ya mchicha. Nilikuwa nimechukua hasara ya watu, nikaifanyia mzaha, nikaja kuwasomea watoto wao. Na yule mtoto niliyekuwa namkemea kwa kusinzia alikuwa, wenzake waliniambia, anaamka alfajiri kumsaidia bibi yake kulinda mabua yaliyobaki. Mchana ule sikula.

Kesho yake bibi mwenyewe alikuja shuleni. Nilimwona kwa mbali akivuka uwanja, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili na ndara za rangi mbili tofauti, nikajiandaa kuomba msamaha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Kile kitabu kiko wapi?"

"Bibi, naomba unisamehe, sikujua kama..."

"Mimi sijui kusoma," alinikatiza. "Nisomee."

Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, nikamsomea. Hakucheka wala hakukasirika. Aliangalia picha kwa makini, akiweka kidole kwenye kila mmea. Nilipomaliza akasema, "Maboga mbona hukuandika?"

"Maboga?"

"Alianza na maboga. Mahindi alimalizia. Na mimi sikukimbia. Hapa umeandika watu wanakimbia. Walikimbia wanaume. Mimi nilibaki na debe langu, nikamwambia, wewe mura, mama yako anajua uko wapi saa hizi?"

Mura ndivyo wanavyomwita kijana wa kiume huku. Nilimwona yule bibi amesimama katikati ya maboga yake, akimsema tembo kama mtoto wa jirani, na kicheko kikanitoka kabla sijakizuia. Nikashika mdomo. Yeye akaniangalia, mabega yakaanza kumtikisika, tukacheka wote wawili mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa.

"Andika hivyo," alisema akiinuka. "Uongo usiandike. Mtoto anajua."

Basi nikaandika upya. *Nilipokuwa kwenye maboga alikuja bibi mmoja mfupi. Wengine walikwenda kuwaita wenzao, yeye alibaki. Aliniita mura. Aliniuliza kama mama yangu anajua niko wapi. Nilishindwa kumjibu.* Nikaongeza kurasa mbili za kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, zile wanazozungushia shamba kumfukuza tembo, ambapo tembo anapiga chafya na kulaumu upishi wa watu wa huku. Nikamfanya arudi kwao na njaa angalau siku moja.

Nilipokwenda Morotonga kwa ajili ya picha mpya, chumba cha fundi kilikuwa na mpangaji mwingine. Majirani walisema amerudi mashimoni Tarime, amesikia kuna mahali pametoa dhahabu. Kurasa zile zikabaki bila picha, mpaka watoto walipozichora wenyewe kwa penseli. Bibi waliyemchora alikuwa mkubwa kuliko tembo.

Afisa elimu wa kata alipopita alikikuta mezani. Alikisoma chote, akacheka kwenye chafya, halafu akaniuliza kama kimepata ithibati. Nilimwambia kimeshonwa kwa uzi wa magunia. Akasema basi nisikitumie kwenye kipindi. Nikawa nawasomea wakati wa uji, huku vikombe vinagongana, sauti yangu ikiwa imebaki nusu.

Mwezi uliofuata yule msichana alikuja ofisini na begi lake mgongoni. Chakula hakikutosha nyumbani, alikuwa anapelekwa Kisaka kwa shangazi yake. Aliniaga vizuri. Kisha akakiangalia kile kitabu kwenye meza, hakuomba, akaangalia tena. Nilikuwa nacho kimoja tu, na nje darasa zima lilikuwa linanisubiri na vikombe vya uji. Nikamwambia asome kwa bidii. Sikumpa.

Jambo hilo lilinikaa. Ningekuwa na nguvu ningelisahau, lakini mtu aliyechoka hana mahali pa kuficha vitu, vinakaa hapo hapo juu. Ilinichukua wiki tatu kunakili kitabu chote nyuma ya kalenda nyingine, mistari michache kila jioni. Picha nilichora mwenyewe. Nilifuta nikachora tena, mpaka karatasi ikatoboka kwenye sikio la tembo, nikaacha.

Kijana wa bodaboda anayepeleka walimu Kisaka alikichukua ndani ya mfuko wa rambo. Siku nyingi zikapita bila habari. Nilishaacha kumwuliza. Kisha jioni moja alisimamisha pikipiki mbele ya mlango wangu bila kuzima injini.

"Mwalimu, kile kitabu kilifika. Shangazi yake anauliza, yule nguruwe mbona ana mkia mbele?"

"Ni tembo," nilisema.

"Hata mtoto alimwambia hivyo. Shangazi akabisha. Ikabidi mtoto amsomee chote, mwanzo mpaka mwisho, ndipo akakubali. Kwenye maboga akataka arudie."

"Alisoma mwenyewe? Hakukwama?"

"Mimi nilikuwepo, nakunywa maji. Alikwama kwenye chafya. Akarudia, akaenda."

Nilimshukuru. Alipoondoka nilisimama mlangoni kidogo mpaka vumbi likatulia, kisha nikaingia ndani kusahihisha madaftari ya Darasa la Kwanza.