Kilomita Ishirini na Mbili za Baiskeli Mpya

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Ghala, Mzungu muuza baiskeli, alinipa nyundo, akanionyesha sanduku refu lililoshushwa melini, akasema, "Fungua. Ukivunja kitu, utavunjwa wewe." Ndivyo nilivyoanza ufundi wa baiskeli huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Wajerumani wakiwa bado wanatawala.

Ninyi wa sasa mnanunua magari. Juzi mjukuu wangu alikuja amekunja uso: gari lake ni jipya, lakini saa ya mwendo inaonyesha limekwishatembea. Anadhani amepunjwa. Nikamwambia akae, nimsimulie.

Katika mwaka wangu wa tatu ililetwa baiskeli ya Bwana Mkubwa wa bomani, kule juu milimani. Gurudumu la mbele lilikuwa na saa ya mwendo, kidude cha shaba kama kidole gumba, chenye namba zinazosogea kadiri gurudumu linavyozunguka. Nilipofungua sanduku ilisoma kilomita tatu. Nikatazama tena: tatu. Kiwandani huko Ulaya walikuwa wameijaribu kabla ya kuifunga.

Matope ya masika hayakuruhusu kubeba sanduku zima, kwa hiyo niliiunga palepale ufukweni, nikaisukuma hadi ghalani Ikolo, kilomita saba. Baiskeli haijali kama umeipanda au unaisukuma. Yenyewe inahesabu tu. Ghalani nikaigeuza magurudumu juu, nikayazungusha ili golori, yaani zile tembe za chuma zilizomo ndani, zienee grisi. Hapo ikala nyingine nne bila kutoka chumbani. Mzee Ambakisye, mpagazi wetu, akacheka. "Mwanangu, mnyama wako anasafiri amelala chali."

Ikabaki breki. Bwana Mkubwa alikuwa mnene kuliko mimi, basi nikafunga nusu gunia la mpunga nyuma ili tulingane, nikaenda njia ya Ngana na kurudi: sita. Jumla ishirini. Tukaifungia ndani, ufunguo akachukua Bwana Ghala.

Asubuhi ilisoma ishirini na mbili.

Sikuuliza. Niliona tope bichi kwenye mpini wa kushoto, kisha nikamwona Bwana Ghala anachechemea. Miaka yote mitatu alikuwa akiuza baiskeli, na sikuwahi kumwona juu ya hata moja.

Bwana Mkubwa aliwasili na askari wawili. Akainama kwenye saa.

"Imetumika. Boi wako amejitembeza nayo."

Bwana Ghala alitazama dari.

"Ishirini na mbili," Bwana Mkubwa akaniambia. "Kila kilomita usiyoieleza, kiboko kimoja." Askari mmoja akakunja mikono ya shati.

Mgongo ulikuwa wangu, sikuwa na haraka ya kuuuza. "Tatu ni za kiwandani, Bwana. Saba za kutoka ziwani."

"Tano. Si mbali hivyo."

"Ziwa halijasogea, Bwana. Mtume askari akapime kwa miguu."

Askari alitazama matope nje, akasema upesi, "Ni saba, Bwana."

Zile nne za ghalani hakuziamini. Nikaigeuza baiskeli, nikazungusha gurudumu hadi jasho likanitoka, naye ameinama, mpaka namba ikasogea.

"Sasa ni ishirini na tatu," akasema.

"Hiyo tumeila wote wawili, Bwana."

Hakucheka, lakini alikubali. Za Ngana nilimwonyesha gunia na sababu yake. Akatazama tumbo lake, akazipitisha.

"Bado mbili."

Bwana Ghala aliacha dari, akanitazama mimi. Neno moja lingeokoa mgongo na kunipotezea kazi. Mzungu anayeuza baiskeli asizojua kuzipanda, akifichuliwa na boi wake mbele ya mkubwa, hamweki boi huyo hadi jioni. Nilipiga hesabu mara mbili. Jibu halikubadilika.

"Mbili ni zangu, Bwana. Nilipenda upepo."

Nilipigwa viwili. Askari aliinua mkono kwa cha tatu, na Bwana Ghala ndiye aliyesema, "Viwili. Inatosha." Ambakisye alinipaka mafuta mgongoni, nikamshukuru, "Ndaga," nikarudi kazini. Tangu siku hiyo Bwana Ghala hakuniita boi tena. Aliniita fundi.

Vita vilipofika naye akawa anafunga mizigo kukimbia, alinikabidhi funguo. "Fundi," akasema, "zile mbili. Nilianguka mara nne."

"Tano, Bwana. Nilihesabu mikwaruzo."

Sasa nimestaafu, macho hayasomi tena namba ndogo. Nimemwambia mjukuu kwamba gari hujaribiwa kiwandani, huingizwa melini na kushushwa, kisha huja hadi dukani kwa magurudumu yake. Asiulize limetembea ngapi, aulize kila kilomita ni ya nani. Alikwenda, akarudi jioni. Zote zimeelezwa, anasema, isipokuwa mbili.

Nikamwambia arudi kesho, amtazame muuzaji anavyotembea.