Namba za Wafu Barazani Kwetu

Mwaka ule wa korona wanaume wa kwetu Kasongo walipata mchezo mpya. Kila siku baada ya magharibi redio ilisoma idadi ya waliokufa nchi nzima, na barazani kwetu ubishi ulianza hata kabla msomaji hajameza mate. Baba, mwenye duka, aliziamini namba zote. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Kabambare kutusalimia tu, akaona mapishi ya dada yake hayamruhusu kurudi. Yeye hakuamini hata moja.

"Shemeji, mutu akikufa iko matanga," alisema. "Unionyeshe matanga. Nani alilala inje juu ya mukeka?"

"Kinshasa wanazika mbio-mbio, matanga haiko," baba alijibu.

"Basi hawa hawakufa."

Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilijifanya napepeta mchele, kumbe masikio yote yako barazani. Mama ndiye hakucheka. Kaka yangu mkubwa alikuwa Kinshasa akiuza nguo, na tangu jiji lilipofungwa kwa korona simu yake haikupatikana. Kila namba iliposomwa mama aliuliza, "Na wetu iko ndani?" Wao wakazidisha sauti.

Jioni moja redio ikasema kwamba miongoni mwa waliofariki Kinshasa yumo kijana mchuuzi, mzaliwa wa Kasongo. Jina haikutaja. Baba akasimama.

"Uongo," akasema. "Hizi namba zote iko uongo. Wanatafuta franga ya wazungu."

Na mjomba, bingwa wa kukana, akajifunika uso kwa kofia yake akalia. Nilipoona wamebadilishana maneno namna ile, hofu ikanishika kweli.

Kwetu msiba hausubiri mwaliko. Asubuhi majirani walijaa uani na mikeka, kuni, unga wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo ya kupika, mmoja wao akiwa na barakoa kidevuni. Baba akawaambia hakuna mfu hapa. Wakampa pole, kwani mfiwa ndivyo asemavyo. Mama aliwapokea kwa adabu zote ila mkekani hakukaa. Alizunguka tu karibu na sufuria, maana anayekaa amekubali.

Kabla ya adhuhuri simu ya baba ikalia, namba ngeni. Mama akainyakua.

"Mama, ni miye."

"Sauti hata mutu mwingine iko nayo. Cheka nisikie."

Kaka akacheka, kile kicheko chake cha mbuzi, na kikohozi kikamkatiza. Mama akakaa chini pale pale mavumbini, akapiga kigelegele ambacho sijakisikia tena, hata siku ya harusi yangu. Kumbe kaka alilazwa, simu ikaibwa, na sasa amepona. Waliokuja kulia wakaimba. Mjomba alicheza na kila bibi aliyekubali mkono wake, na sombe ya matanga ikaliwa kwa vicheko.

Tulikuwa tunanawa mikono mama aliposhusha birika la maji.

"Na ule kijana redio ilisema," akauliza, "mama yake ni nani?"

Hakuna aliyejua. Mjomba akavaa kofia, akakunja mkeka mmoja, akautia kwapani.

"Shemeji," akamwambia baba, "twende tutafute kwao."