Kabari ya Fundi Piano

Fundi piano hafungi mlango. Kwenye nyumba za Wazungu pale Macon huchomeka kabari chini ya mlango wa sebule, wapita njia waone mikono yake mikubwa ilipo, maana mwanamume mweusi akisingiziwa kumshika mwanamke, mji huamini kabla hajafungua kinywa. Hata kwa Bi Earline, mweusi mwenzake, huchomeka vilevile. Februari hii baridi iliyoingia mlangoni ilimuuma bibi magoti.

"Mwanangu, unaogopa nitakusingizia, mimi na meno yangu ya bandia?"

"Mazoea tu, mama."

"Mazoea hayo wapelekee hao Wazungu. Hapa kwangu funga."

Fundi akaichomoa kabari, akaitia mfukoni, akafunga taratibu. Kisha akawa anakaza nyuzi huku akiimba. Miaka kumi na miwili anamtengenezea piano, bibi hajawahi kumsikia akiimba; kumbe ana sauti.