Kuruti za Hosiyat

Kwa miaka ishirini Hosiyat alikausha mtindi wenye chumvi juu ya paa lake, akiufinyanga vitonge vigumu viitwavyo kuruti. Wajawazito wa mji wake wa Kosonsoy walivimumunya alfajiri kutuliza kichefuchefu. Aliyenunua mara mbili kwa wiki, Hosiyat alijua ana mimba kabla mumewe hajajua, na kufikia adhuhuri mtaa mzima ulishajua.

Kiangazi hiki vitonge vya paani vikaanza kupungua. Akamrukia Zamira, mke wa mwanawe, aliyekuwa akifagia ua.

"Wewe! Kama una mimba si useme? Unaniibia kama panya!"

"Mimi, mama? Hata sivipendi."

"Kwa hiyo vinaliwa na shomoro?"

Zamira akaegemeza ufagio ukutani. "Mama, usinikasirikie. Wiki nzima harufu ya pilau inakutimua jikoni. Na hilo shavu, mbona limetuna?"

Hosiyat, mwenye miaka arobaini na minne na wajukuu wawili kwa binti yake, akatema kitonge kiganjani. Akakitazama. Akakirudisha mdomoni.

"Ukimwambia mtu," alisema, "nitakunyonga."