Majina Ishirini na Mawili ya Shangazi Raho

Kompyuta ya Hanad ilikuwa na tabia ya kumuudhi makusudi. Ukiiwasha, unaweza kuoga, kuswali na kumaliza chai, nayo bado inajikusanya. Siku hiyo aliyekuwa akingoja si yeye tu. Alikuwepo Shangazi Raho, dadake marehemu baba yake, mwenye miaka tisini na mmoja na subira ya dakika tano.

Miaka mitatu Hanad alikuwa akimbembeleza shangazi amhesabie nasaba ya ukoo wao, na miaka mitatu alijibiwa, "Nyinyi watu wa malori hamna masikio." Mtaa mzima wa Bulla Pesa, hapo Isiolo, hakubaki mwingine aliyeijua. Baba yake Hanad alimalizia maisha yake akiendesha lori kwenye barabara ya Merti, hakupata nafasi ya kumfundisha. Sasa shangazi amekubali mwenyewe, na kompyuta imeganda mara mbili ikimrekodi, katikati ya jina. Simu ya Hanad nayo ni kabambe, kisimu cha bei rahisi cha kubonyeza, hairekodi hata kikohozi.

Akampigia Mutwiri, fundi wa kompyuta, aliyekuwa amemwachia flashi yenye mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta aujaribu.

"Hii kitu yako haitaniharibia? Karatasi zote za lori ziko humu ndani."

"Mzee, hiyo haigusi kitu. Unawasha na flashi, unaonja tu. Ukizima, mashine inarudi vile ilikuwa, ni kama hukuiweka."

Hata kuonja kwenyewe kulikuwa vita. Kuna kitufe cha kubonyeza punde tu kompyuta inapowaka, na Hanad akakikosa mara nne.

"Hii ni ya nne," alisema shangazi, kana kwamba Hanad hajui kuhesabu.

Mara ya tano mfumo mpya ukafunguka, mwepesi, bila kusuasua. Maikrofoni ikakubali. Hanad nusura alie kwa furaha.

Shangazi akafumba macho, akaanza. Alihesabu saa nzima, kila jina na habari zake: nani alizikwa wapi, nani aligombana na mkwewe kwa sababu ya ngamia. Hanad hakubandua macho kwenye mstari wa kijani uliopanda na kushuka kwenye skrini. Aliulinda kama anavyolinda geji ya joto lori likipanda mlima, akiogopa usije ukaganda.

"Ishirini na mawili," shangazi akasema mwishowe. "Nimemaliza."

Hanad akaihifadhi sauti, akaiona pale mbele kwenye skrini, akazima kompyuta kwa adabu zote. Baada ya chai akaiwasha tena asikilize. Hakukuwa na kitu. Akachomoa flashi, akairudisha, akatafuta kila mahali. Hakuna. Akampigia Mutwiri.

"Uliihifadhi wapi, mzee?"

"Hapo hapo mbele!"

"Si nilikwambia? Ukizima, hata kile ulihifadhi humo, hakuna kitu inabaki."

Hasira zilimpanda Hanad, zikakosa pa kwenda, maana Mutwiri hakumdanganya. Na hiyo kompyuta, laana hiyo, ilikuwa salama salimini. Karatasi za lori zilikuwepo zote, haikukosekana hata moja.

Akaenda chumba cha pili, alikokuwa shangazi akimngoja mwanawe aje kumchukua.

"Shangazi, imepotea yote. Nakuomba, nihesabie tena."

"Nimeshasema. Ulikuwa umekaa mbele yangu," alijibu shangazi. "Sasa wewe nihesabie mimi."

Hanad akaketi mbele yake. "Hanad," alianza. "Guleid. Salad."

Hadi hapo, jina lake, la babake na la babu, hata watoto wa mtaa wanajua. Salad ndiye babu askari, aliyekuja Isiolo na jeshi la Mwingereza. Hanad akalitafuta jina la nne kichwani, akaukuta mstari wa kijani, ukipanda na kushuka.

Shangazi alingoja jina la nne; lilipokosekana, akaomba aletewe viatu vyake aende zake.